Protini Nyingi na Tumbo la Mtoto wa Nguruwe

(Mazungumzo ya mfanyakazi wa maendeleo ya jamii mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia vinavyofuga nguruwe. Yamechapishwa karibu kama yalivyosemwa.)



 Najua wengine wenu mmeacha palizi. Sitawachosha kwa salamu nyingi, maana jambo lililotuleta hapa limeshaanza kuvunja vikundi.

Mpango wetu wa kupokezana mnaujua. Kikundi humpa mwanachama nguruwe jike mmoja. Akizaa, mwanachama hurudisha watoto wawili walioachishwa ziwa, nao hupewa wanachama wengine wawili, na hivyo hivyo hadi orodha iishe. Deni hilo halilipwi kwa pesa, linalipwa kwa watoto wa nguruwe walio hai. Sasa watoto wanakufa wiki moja baada ya kuachishwa ziwa, deni linabaki palepale, na maneno yanaanza. "Amewauza usiku." "Amewachinjia wakwe zake." Na pale ambapo kila mtu aliona mizoga kwa macho yake, watu wameanza kutajana majina kwa mambo ya jicho baya. Nimeshuhudia mama mmoja akikaa mkutano mzima bila mtu kumpa nafasi kwenye benchi. Jamani, tusifike huko.

Nilichukua daftari za vikundi nikazisoma ukurasa kwa ukurasa. Nikaona jambo moja. Wengi wa waliopoteza watoto si wavivu. Ni wale ambao walitumia pesa nyingi zaidi kwa chakula. Omena nyingi, soya nyingi, kwa sababu wote tumefundishwa kwamba protini hujenga mwili. Na hilo ni kweli. Lakini tumbo la mtoto aliyetoka kwenye titi jana lina mambo yake, na leo nataka tuingie ndani ya hilo tumbo tuone kuna nini.

Tuanze na maziwa. Maziwa ya nguruwe mama ni mazito. Ukiyakausha maji yote, karibu theluthi moja ya kile kinachobaki ni protini. Kwa hiyo mtu anaweza kuniuliza, na swali ni zuri: ikiwa mtoto ananyonya protini nyingi hivyo na hadhuriki, kwa nini omena imdhuru? Jibu ni kwamba protini ya maziwa imetengenezwa kwa ajili ya tumbo lile. Ikifika tumboni inaganda kama maziwa lala, inakaa, inameng'enywa polepole, na karibu yote inaingia mwilini kabla ya kufika kwenye utumbo mpana. Huko nyuma hakifiki kitu cha maana. Tena mtoto hunyonya kidogo kidogo, karibu kila saa, mchana na usiku.

Halafu kuna sukari ya maziwa. Ndani ya tumbo la kila mtoto wa nguruwe wanaishi bakteria, kama vile ndani ya matumbo yetu sisi. Msishtuke, wengi wao si adui. Kuna jamii moja ambayo hupenda sana sukari ya maziwa, huila na kuigeuza kuwa asidi, ile ile inayofanya maziwa yetu yawe machachu. Asidi hiyo huweka tumbo katika hali ambayo bakteria wabaya hawaipendi. Zaidi ya hayo maziwa yana kinga kutoka kwa mama, ambayo hutanda kwenye utumbo kama mlinzi mlangoni.

Siku ya kuachisha ziwa yote haya yanakatika kwa mkupuo mmoja. Sukari ya maziwa hakuna, kinga ya mama hakuna, mama mwenyewe hayupo. Tumbo la mtoto bado halijajua kutengeneza asidi yake ya kutosha. Na ile kemikali ya tumboni inayoanza kukata protini, inayoitwa pepsini, haifanyi kazi vizuri pasipo asidi kali. Sasa tunamwekea sahani ya omena na soya. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawajui: protini yenyewe humeza asidi. Chokaa humeza zaidi. Kwa hiyo chakula chenye protini nyingi na chokaa nyingi hupunguza hata ile asidi kidogo iliyokuwepo. Tunamwongezea mtoto kazi na wakati huo huo tunamnyang'anya jembe.

Mtoto mwenyewe naye ana vituko. Siku ya kwanza anagoma kula, anamlilia mama. Utumbo usipopata chakula, vile vinyweleo vidogo sana vya ndani vinavyonyonya chakula husinyaa na kuwa vifupi. Siku ya pili au ya tatu njaa inamshinda, anakula kwa pupa. Chakula kingi kinaingia kwenye utumbo uliosinyaa na tumbo lisilo na asidi. Protini haimeng'enywi, inapita nzimanzima, inashuka chini.

Huko chini ndiko kwenye shida. Bakteria wa utumbo mpana, wakipata mabaki ya nafaka, hula hayo kwanza. Wakifanya hivyo hutoa asidi nyepesi ambazo hulisha ukuta wa utumbo wenyewe. Lakini wakiletewa protini nyingi na mabaki machache ya nafaka, huanza kuila hiyo protini. Na protini ikichachuka haitoi kitu kizuri. Inatoa amonia, ile harufu inayochoma macho ukiingia kwenye banda bovu, pamoja na vitu vingine vinavyofanana na vile vya nyama iliyooza. Vitu hivyo vinausumbua ukuta wa utumbo na kuufanya uvuje. Asidi inazidi kupungua, na ile jamii ya bakteria wabaya inapata shamba lililolimwa tayari.

Yuko mmoja hasa ambaye lazima mumjue kwa jina. Anaitwa E. coli. Daktari wa watoto, Theodor Escherich, ndiye aliyemweleza mwaka 1885, na herufi hiyo E ni ya jina lake. Aina nyingi za E. coli hukaa ndani ya matumbo ya watu na wanyama bila kuleta fujo. Lakini ziko aina chache zenye vinyweleo vya kujishikiza kwenye utumbo mwembamba wa mtoto wa nguruwe. Zikishika, hazitafuni utumbo. Zinatoa sumu ambayo huuamuru utumbo umwage maji. Ndiyo maana mtoto huhara maji kama bomba lililopasuka, macho yanazama, ngozi inalegea, na kesho yake amelala. Hafi kwa kuliwa na vijidudu. Anakufa kwa kukaukiwa maji. Na bakteria huyu akiwa mahali pazuri anajigawa mara mbili kila baada ya dakika kama 20. Piga hesabu mwenyewe uone wangapi watakuwa wamezaliwa kati ya saa kumi na mbili jioni na alfajiri.

Kwa kawaida kuhara huku huanza kati ya siku ya 3 na ya 10 baada ya kuachishwa ziwa. Angalieni daftari zenu. Wengi wa waliokufa walikufa hapo hapo. Jicho baya gani linalohesabu siku?

Sasa watu wa nchi nyingine walifanyaje? Kwa miaka mingi walitia antibayotiki ndani ya chakula cha nguruwe kila siku, mgonjwa na asiye mgonjwa. Ilisaidia, lakini ikafuga bakteria wasiosikia dawa. Sweden ilipiga marufuku kutumia antibayotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, na nchi zote za Umoja wa Ulaya zikafuata tangu Januari 1, 2006. Wengine wakahamia kwenye oksidi ya zinki, unga mweupe uliotiwa kwa wingi kwenye chakula cha watoto walioachishwa. Huo nao huzuia kuhara, lakini zinki hutoka na mavi ikaenda kukaa kwenye udongo wa shamba, na Ulaya ikaukataa kama dawa ya nguruwe tangu Juni 2022. Ilipobidi watafute njia nyingine ndipo wengi wakarudi kwenye chakula chenyewe. Watafiti wa Australia, kwa mfano, walilinganisha watoto waliopewa chakula chenye protini zaidi ya asilimia 24 na wengine waliopewa asilimia 17 hivi, wakarekebisha ubora wa hiyo protini ndogo, halafu wakawaambukiza E. coli kusudi. Waliokula protini kidogo waliharisha kidogo zaidi, na ile amonia ya utumboni ilipungua. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2008 na 2009.

Nimesema "wakarekebisha ubora", na hapa nawaomba msikilize sana, kwa sababu mtu asije akatoka hapa akisema mfanyakazi wa kanisa ametuambia tuwape watoto unga mtupu wa mahindi. Sivyo. Protini si kitu kimoja. Ni kama kuezeka nyumba: unahitaji mbao, mabati na misumari. Ukiwa na mabati 50 lakini misumari ya mabati 20, utaezeka mabati 20 tu na hayo mengine yatakaa uani. Msumari wa nguruwe unaitwa laisini. Mahindi yana laisini kidogo sana. Tunapomwaga omena na soya nyingi, mara nyingi tunatafuta laisini bila kujua, na tunaleta mabati mengine yote pamoja nayo. Mengine yakiingia mwilini, ini linayageuza na kuyatoa kwa mkojo. Yasiyoingia ndiyo yale yanayoshuka kwenye utumbo mpana. Pesa yenu yote hiyo, mnanunua harufu. Laisini ya unga huuzwa kwenye maduka ya vyakula vya mifugo. Kidogo tu kinatosha, na inaruhusu kupunguza protini bila mtoto kudumaa.

Tufanye hesabu ya gunia la kilo 100. Hii hesabu kila kikundi kiwe na mtu anayeiweza, si lazima awe mwalimu. Unachukua kilo za kila kitu, unazidisha kwa asilimia yake ya protini, unagawa kwa 100, kisha unajumlisha. Mahindi tukadirie asilimia 9, poladi 15, soya iliyokaangwa 37, omena kavu isiyo na mchanga 55.

Nimeona gunia la mwanachama mmoja likiwa na mahindi kilo 35, poladi 13, soya 35 na omena 15. Mahindi yanatoa 3.15, poladi 1.95, soya 12.95, omena 8.25. Jumla ni zaidi ya 26. Hicho ni chakula cha bei ya harusi, na ndicho kilichomletea kilio.

Sasa tufanye hivi: mahindi kilo 57, poladi 15, soya 20, omena 6. Tunapata 5.13, na 2.25, na 7.4, na 3.3. Jumla ni 18. Kilo 2 zilizobaki ni unga wa mifupa kilo 1, premiksi ya vitamini na madini gramu 400, chumvi gramu 300 na laisini gramu 300. Huo ndio mchanganyiko wa wiki mbili za kwanza baada ya kuachisha. Baadaye unaweza kuongeza soya pole pole mpaka ufike karibu 20, mtoto akishazoea. Huenda katika hizo wiki mbili akanenepa kidogo chini ya matarajio yako. Mvumilie. Mtoto aliye mzima hufidia baadaye. Yule aliyehara akapona hubaki nyuma, na mnunuzi anamjua kwa kumtazama mgongo.

Soya lazima ikaangwe au ichemshwe. Soya mbichi ina kitu kinachozuia mwili kumeng'enya protini, kwa hiyo ukiitoa mbichi ni sawa na kumwaga protini moja kwa moja kwenye utumbo mpana. Ikaange mpaka ibadili rangi na inukie vizuri, bila kuunguza, halafu isage. Maharagwe mabichi hivyo hivyo, usimpe. Na omena ya mifugo ichunguzeni: itieni ndani ya maji, mkoroge, muone mchanga unaobaki chini. Mashudu ya pamba nayo si ya watoto wa nguruwe.

Nije kwenye uji, maana akina mama nimeona mnanitazama. Sisi tunajua uji wa kuchachua tangu zamani, na huku Ulaya wakulima wa Denmark na Uholanzi wamekuwa wakiwapa nguruwe chakula cha maji kilichochachuka. Kinaingia tumboni kikiwa na asidi tayari na wale bakteria wazuri tayari, na E. coli hukutana na mlango uliofungwa. Lowesha unga wa mahindi kwa maji safi, uache siku moja au mbili mahali pa joto mpaka uchachuke, na kila mara bakisha kidogo ndani ya chombo cha kuanzishia mwingine. Lakini chachua mahindi peke yake. Usichachue omena, soya wala ile laisini, kwani bakteria wataila hiyo laisini uliyonunua kabla ya nguruwe. Hizo changanya wakati wa kulisha. Mwenye maziwa lala au maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini naye amebarikiwa. Watoto wa nguruwe huyapenda na yanafanya kazi ile ile.

Mengine nitapita haraka. Waanze kuonja chakula wakiwa na siku 10 hadi 14, konzi ndogo tu, wakiwa bado wananyonya. Siku ya kuachisha muondoe mama, watoto wabaki palepale walipozoea, wala usiwachanganye na watoto wa mama mwingine siku hiyo. Wape joto na nyasi kavu. Siku tano za kwanza chakula kigawanywe mara nne au tano kwa siku. Maji safi yawepo saa zote.

Akihara usimwache bila maji. Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, ile ile mnayowapa watoto nyumbani. Punguza chakula siku hiyo, mtenge, na umwite daktari wa mifugo ikiwa wanahara zaidi ya wawili, au ukiona kope zimevimba na mtoto anayumba kama mlevi, maana huo ni ugonjwa mwingine wa E. coli na huua haraka. Kuna wanachama ambao wakiona mharo mmoja wanakimbilia duka la dawa, wananunua unga wa antibayotiki wa kuku na kuumwaga ndani ya maji ya banda zima. Hapo mimi ni mkali. Bakteria watakaozoea dawa ile hawatabaki kwenye banda. Watapita kwa mikono yako, kwa maji ya kisima na kwa mavi uliyoyatia kwenye sukuma, halafu siku mtoto wako wa miaka miwili akiharisha, dawa itakataa kufanya kazi.

Kuhusu deni. Kamati ya parokia inapendekeza kila kikundi kiwe na karatasi moja kwa kila uzao: tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuachisha, alichokula kwa kilo, siku walipoanza kuhara, na waliokufa wakaonwa na wanachama wawili kabla ya kuzikwa. Mwanachama mwenye karatasi kama hiyo asiitwe mwizi. Apewe muda mpaka uzao unaofuata. Hili mlijadili kwenye vikundi vyenu, mkubaliane kwa kura, mliandike kwenye kumbukumbu.

SWALI kutoka kwa mama mmoja: Mimi nina debe mbili za omena ambazo nilinunua kwa ajili ya watoto wa nguruwe. Ukiniambia nipunguze, hizo nyingine nizipeleke wapi?

JIBU: Mama, hazijapotea. Nguruwe anayenyonyesha watoto kumi ana kazi kubwa, na tumbo lake ni la mtu mzima; mwongezee yeye kiasi, maziwa yatakuwa mazuri na watoto wataachishwa wakiwa na uzito. Zihifadhi mahali pakavu, zikivunda usimpe mnyama yeyote. Na ikiwa ni omena safi ya kuliwa na watu, teua zilizo nzuri kwanza upike kwa nyanya, halafu ndio tuzungumze habari za nguruwe.

SWALI: Mahindi yakipanda bei?

JIBU: Unaweza kutumia mtama au mhogo mkavu badala ya sehemu ya mahindi. Mhogo uwe umemenywa na kukauka kabisa. Lakini mhogo hauna protini karibu kabisa, kwa hiyo ile hesabu ya gunia lazima uirudie upya. Leteni makadirio yenu Jumamosi ijayo, saa tatu, na kila kikundi kije na kalamu.